Tulivyomfichia Mkaguzi Moto Wetu

Mkaguzi wa bima alipofika kwetu Mtanda, Lindi, kuangalia hasara ya moto, alikuta nyumba safi kuliko zote alizowahi kukagua. Najua kwa sababu alisema mwenyewe, na hakuwa anatusifu.

Ukuta ulikuwa mweupe, chokaa bado inanukia. Sakafu ilikuwa imesuguliwa mpaka unaona haya kuikanyaga. Dirishani lilining'inia pazia la kuazima kwa jirani. Kwenye kona lilipokuwa friza, bibi alikuwa ameweka meza, juu ya meza kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa chetezo, na kwenye chetezo udi ulikuwa unafuka taratibu. Udi ulikuwa wa kuondoa harufu ya kuungua. Kwa hiyo, siku ya kukagua moto, moshi pekee uliokuwemo ndani ya nyumba ulikuwa wa udi.

Itabidi nirudi nyuma kidogo, maana katika habari hii mimi si mtazamaji. Ningependa sana kuwa mtazamaji.

Mama yangu anauza barafu kupitia dirisha la sebuleni. Za ukwaju na ubuyu, za vifuko, ni za watoto wa shule. Za chupa, ngumu kama jiwe, ni za wauza samaki wanaopita asubuhi na ndoo zao. Friza lilikuwa limelala sebuleni kwetu kama mgeni aliyekuja kwa siku tatu akapapenda. Tulikula ubavuni mwake, tuliegemea mgongo wake kuangalia runinga, na kila aliyetaka kupita kwenda chumbani alilizunguka kwa adabu. Baba yuko Milola kwenye mikorosho sehemu kubwa ya mwaka, na akija huja na korosho na ushauri. Cha kila siku kilitoka kwenye friza. Ada yangu, daftari zangu, hata viatu ninavyoviharibu kwa mpira, vyote vilianza kwanza kuwa ubuyu ulioganda.

Ndiyo sababu, wakala wa bima alipokuja ofisi ya kata kuongea na kina mama wa biashara ndogo, mama alirudi nyumbani na mkataba. Bibi, ambaye ni mama mzazi wa baba, alikaa naye mkekani kumhoji.

"Yaani unalipia moto ambao haujaja."

"Ndiyo, mama."

"Na usipokuja?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Na hela yako?"

"Inabaki kwao."

Bibi akatafuna tambuu kwa muda. "Hao watu wana akili," akasema, na hakulizungumzia tena.

Pamoja na mkataba kulikuwa na karatasi za ushauri: jinsi ya kuzuia hasara nyumbani. Usichomeke vitu vingi kwenye waya mmoja wa kuunganishia. Risiti zako zitunze mbali na vitu vyenyewe. Friji na friza vipite kwenye friji gadi. Hasara ikitokea, piga picha, toa taarifa, usiguse kitu mpaka mkaguzi afike. Nilizisoma zote, na si kwa sababu ya bidii. Nilikuwa nazikunja kuwa vikoni vya kuuzia korosho za baba, na mtu ukikunja karatasi macho yanasoma yenyewe. Ukurasa wa "usiguse kitu" nilimfungia fundi baiskeli. Sijui kama ulimsaidia.

Friji gadi, kwa asiyeijua, ni kidude cha kuchomeka kati ya soketi na friji. Umeme ukikatika halafu ukarudi kwa kishindo, kama unavyopenda kurudi kwetu, gadi inaushika kwanza. Inawasha taa nyekundu, inasubiri dakika chache umeme utulie, ndipo inawasha ya kijani na kuuachia upite. Mama aliinunua wiki ileile. Aliichomeka mwenyewe, akatuita mimi na bibi tuiangalie, na tukaiangalia.

Kasoro ya gadi ile ni moja tu: ilikuwa moja. Na mimi nilikuwa na sabufa.

Sabufa yangu niliipata kwa binamu yangu aliyehamia Dar, na siku moja umeme uliporudi ghafla ilitoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikaanza kufikiri kitaalamu. Friza ni kubwa, lina mwili, litajitetea. Sabufa haina mtu. Basi kila mama alipotoka, nilichomoa gadi nikaihamishia kwenye sabufa, na friza nikalichomeka moja kwa moja ukutani. Kabla hajarudi nilirudisha. Nilifanya hivyo miezi kadhaa bila tatizo, na hapo nikajiona mhandisi.

Ijumaa yenyewe umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Saa sita na nusu nilivaa kanzu, nikaaga kwamba naenda msikitini, nikazunguka nyumba, nikasubiri. Mama alikwenda sokoni. Bibi alikwenda kwa jirani yetu muuza vitumbua, kukaa. Nikaingia kwa mlango wa uani.

Nilikuwa na kazi ya sanaa. Darasani kwetu kidato cha tatu nina jina la kuigiza watu, na nilikuwa nimeahidi kuweka kwenye kundi letu la simu video ya bibi yangu. Siyo ya bibi mwenyewe, ya mimi nikiwa bibi. Nilijifunga kanga yake ya kahawia, nikafunga mto nyuma chini ya kanga kukamilisha umbo, nikaegemeza simu mezani kwenye glasi, nikabonyeza kurekodi. Gadi ilikuwa tayari kwenye sabufa, ikisubiri umeme urudi nipate muziki.

Nilikuwa katikati ya sehemu nzuri. Bibi ana hotuba yake kuhusu umeme: "Zimeni taa hizo, hamjui huo ni moto unapita kwenye kamba? Siku ukichoka kupita utakaa hapahapa." Nilikuwa nimeinua kidole, kiuno kimekaa sawasawa, nimefika kwenye "utakaa hapahapa", umeme ukarudi.

Yaliyofuata siyakumbuki kwa kichwa, nayakumbuka kwa video. Taa ya sebuleni inang'aa kuliko kawaida. Chini ya sabufa gadi inawasha nyekundu, inafanya kazi yake vizuri kabisa. Nyuma yangu friza linasema "tup", kama mtu aliyeweka mzigo chini. Mimi naendelea kuhutubia. Uzi wa moshi unapanda. Mimi naendelea. Kisha pembe ya pazia inashika, na bibi wa bandia anageuka.

Kitu cha kwanza nilichookoa kilikuwa sabufa. Inaonekana wazi: kijana mwenye kanga na makalio ya mto anachomoa sabufa na gadi yake, anakimbia navyo chumbani, anarudi, ndipo anapiga kelele za moto.

Wanaume walikuwa msikitini, kwa hiyo moto wetu ulizimwa na wanawake. Jirani wa vitumbua ndiye aliyeingia wa kwanza, na badala ya kumwaga maji kama nilivyotaka kufanya mimi na ndoo yangu, alinisukuma kando akaenda kuzima swichi kubwa. "Maji kwenye umeme! Unataka kupikwa na wewe?" akaniuliza. Wengine wakaleta mchanga kutoka kwenye lundo la jirani anayejenga, wakalifukia friza. Bibi alibaki mlangoni akitoa amri. Hakuniona na kanga yake, maana nilikuwa nimeshaivua nikaitumia kupigia pazia. Watu walipotoka msikitini waliambiwa tu kwamba palikuwa na moto, wakasema alhamdulillahi, wakaenda kula.

Friza lilikuwa limekwisha. Ukuta mweusi mpaka darini, mbao mbili za dari zimeungua, kabati dogo la vifuko na flaski limeyeyuka upande. Mama aliporudi hakulia. Aliinama, akachomoa kutoka kwenye mchanga fuko moja la ubuyu lililokuwa bado limeganda katikati, akalishika mkononi mpaka likayeyuka.

"Na gadi?" akauliza.

"Itakuwa imeungua," nikasema. Gadi ilikuwa chini ya kitanda changu, nzima, nadhani hata vumbi haikuwa nalo.

Mama akampigia wakala. Mkaguzi angekuja Jumatatu, akaambiwa, na apewe risiti ya friza, na hapo ndani pasiguswe kitu. Risiti alikuwa nayo baba, kwa sababu baba ndiye aliyeamini kwamba mambo ya risiti ni ya wanaume. Jumamosi alfajiri mama akapanda gari la Milola kuifuata. Mlangoni, bibi akiwa bado kwenye swala, alinishika bega.

"Mwambie bibi yako asiguse kitu. Chochote. Mkaguzi akikosa kuona, hatupati friza jingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Na kweli nilisikia. Nilichofanya ni kutosema.

Nilijiambia nitasema baada ya chai. Baada ya chai bibi aliuliza mama yangu amekwenda wapi, nikamjibu kwamba Jumatatu anakuja mgeni wa bima. Hilo lilikuwa kweli. Lakini mwambie mwanamke wa pwani wa umri wa bibi yangu kwamba anakuja mgeni, halafu jaribu kuongeza neno la pili. Alikuwa ameshasimama.

"Mgeni aje akute masizi? Atasema nini huko anakotoka, kwamba Lindi watu wanaishi kwenye jiko?"

Ningeweza kusema pale. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikatazama ule ukuta, soketi ile iliyoungua ambayo haikuwa na hata kipande cha gadi iliyoyeyuka, nikawaza kwamba mkaguzi ni mtu anayelipwa kutazama soketi. Nikafunga mdomo, nikaulizwa ndoo iko wapi, nikaileta.

Wakaja mashoga zake wote. Wanawake wale wana utaratibu wao wa shida: penye msiba au harusi au moto, wanapanga mikono bila kuambizana. Wawili walikwangua masizi, mmoja akachanganya chokaa, mmoja alisugua sakafu akiimba. Mimi nilikuwa mchapakazi siku hiyo kuliko siku zote za maisha yangu. Mbao za dari zilizoungua nilizing'oa mwenyewe tukazipikia chai. Bibi aliniangalia nikipaka chokaa pale penye soketi, mkono wa pili, mkono wa tatu.

"Bwana wangu leo ana mapenzi na nyumba," akawaambia wenzake. Bibi huniita bwana wake tangu nikiwa mdogo, kwa utani, na wenzake hunisalimia "shemeji".

"Shemeji kuna kitu anakitaka," akasema jirani wa vitumbua. "Mwanamume hasugui hivi bure."

Friza lenyewe liliondoka Jumapili. Alipita mtu wa chuma chakavu na mkokoteni wake, bibi akamwomba amsaidie kuliondoa. Alimpa bure, akampa na maji ya kunywa kwa usumbufu.

Mama alirudi Jumapili alasiri na risiti kwenye mfuko wa nailoni. Alisimama mlangoni. Alitazama ukuta, sakafu, meza, kitambaa cha kufuma. Bibi alikuwa amekaa katikati ya kazi yake akisubiri kushukuriwa.

"Mama," akasema mama yangu, polepole, "moto uko wapi?"

"Tumeshaumaliza," bibi akajibu.

Mama akanigeukia. Nikamwambia nilisahau. Hakunipiga wala hakunigombeza, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Alikwenda kwa mtu wa chuma chakavu kwa miguu, akaambiwa vitu vyote vimeshapanda lori.

Jumatatu sikwenda shule. Nilisema nabaki kumsaidia mama, yaani nabaki kuilinda siri yangu. Mkaguzi alikuja saa nne, kijana bado, mwenye shati la mikono mirefu na begi la kompyuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa mshangao kama mtu ambaye bado hajazoea. Akakaribishwa, akaletewa chai na vitumbua. Halafu akamgeukia bibi kwa heshima.

"Habari za hapa, mama?"

"Nzuri."

"Poleni na matatizo."

"Tumeshapoa."

"Habari za huo moto?"

"Nzuri tu, mwanangu. Alhamdulillahi."

Mkaguzi alikuwa na kalamu mkononi. Sijui aliandika nini.

Akaomba kuonyeshwa ulipokuwa. Mama akamwonyesha kona, mkaguzi akatazama chetezo. Akapitisha kidole ukutani, kikatoka cheupe. Akauliza friza liko wapi, mama akamweleza. Akauliza kama kuna picha, mama akasema simu yake haina kamera ya maana na siku ile hakuwepo. Akaomba shahidi, akaitwa jirani wa vitumbua. Huyu, mbele ya mtu asiyemjua, akakumbuka kwamba mambo ya nyumba ya mwenzio hayatangazwi.

"Ulikuwa moto mkubwa?" mkaguzi akamuuliza.

"Aa, wa kawaida tu. Tuliuzima na mchanga kidogo."

"Uliharibu sana?"

"Hapana, hawa ni watu wenye uwezo wao."

Alisema hivyo kumtunzia mama heshima. Mama alifumba macho.

Mkaguzi akafunga begi. Alikuwa mpole. "Dada, mimi sisemi moto haukuwepo," akamwambia mama. "Lakini nikiandika kilichopo, nitaandika nyumba nzuri na chai. Risiti inaonyesha mlinunua friza, haionyeshi kwamba liliungua. Bila kitu cha kuona, huko juu hawatalipa."

Kabla mama hajajibu, dirishani ikaonekana ngumi ndogo yenye sarafu, kisha nusu ya kichwa.

"Barafu ya ubuyu."

"Barafu hakuna, mwanangu," mama akasema.

"Kesho?"

Mama akamtazama mtoto yule kama aliyeulizwa swali la mtihani. Hakusema kesho. Hakusema keshokutwa pia.

Nilitoa simu mfukoni. Nataka niwe mkweli: sikutoa kwa ujasiri, nilitoa kama mtu anayetapika. "Mimi ninayo video," nikasema.

Mama akaruka karibu. Bibi akaomba miwani yake. Jirani wa vitumbua akasogeza kiti, na mkaguzi akaishika simu katikati ili wote waone. Nikasimama nyuma yao, karibu na mlango.

Sauti yangu ikajaa sebuleni: "Zimeni taa hizo, hamjui huo ni moto unapita kwenye kamba?" Hakuna aliyecheka. Jirani wa vitumbua alianza, akajikohoza. Umeme ukarudi kwenye video, friza likasema "tup", moto ukapanda ukutani, na yule kijana mwenye kanga akaokoa sabufa. Mkaguzi akarudisha nyuma. Akasimamisha picha, akaikuza kwa vidole viwili.

"Hiki chenye taa nyekundu ni nini?"

"Friji gadi," nikasema.

"Imechomekwa nini?"

"Sabufa."

"Na friza?"

"Ukutani."

Mama hakugeuka. Nilikuwa naona kisogo chake tu, na kisogo chake kilikuwa kinatosha.

Bibi ndiye aliyeinua mkono, akaelekeza kidole kwenye kioo cha simu, juu, kwenye saa yetu ya ukutani. "Hapo ni saa ngapi?"

"Saa saba na robo," mkaguzi akamsomea.

"Siku ya Ijumaa," bibi akasema. "Msikitini. Na kanga yangu." Akanitazama juu ya miwani. "Na mimi ndivyo nilivyo kwa nyuma, bwana wangu?"

Hapo mkaguzi akashindwa. Alicheka mpaka akaweka simu mezani, jirani wa vitumbua akafuata, na mama akaziba uso kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yanatikisika na sikujua ni kwa kicheko au kwa kilio. Alipoondoa mikono macho yalikuwa na maji, akaniambia nitoe gadi ilipo. Nikaileta kutoka chini ya kitanda. Akaiweka mezani kando ya chetezo, mbele ya watu wote.

Mkaguzi alichukua video, akaandika kwa muda mrefu. Alituambia kwamba ile inatusaidia na inatuumiza: moto upo, hasara ipo, na uzembe upo, tena umevaa kanga. Hakuahidi kitu.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Walilipa ukuta, dari, pazia na kabati. Friza walilipa nusu, kwa sababu ya kidude kilichokuwa kinalinda muziki. Nusu nyingine haikujadiliwa hata kidogo. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta pale sabufa ilipokuwa pana alama ya mraba kwenye vumbi.

Friza la sasa ni dogo kuliko la kwanza. Gadi imefungwa kwenye soketi kwa waya, na fundi aliambiwa aufunge wa kutofunguka. Risiti zinakaa kwa jirani wa vitumbua ndani ya kopo la maziwa. Mama alininunulia kifurushi cha simu, cha kwanza maishani mwangu kutoka kwake, ili nimpigie na kumtumia wakala picha za kila kitu cha nyumbani kwetu kuanzia vitanda hadi vikombe, na bibi alipoona napita na simu akajiweka sawa akauliza kama yeye ameshaandikwa. Juzi alidondosha bakuli la udongo, mimi nikachukua ufagio. Akaniwekea mguu mbele. "Usiguse," akasema. "Piga kwanza."

Umeme bado unakatika na kurudi unavyotaka. Ukirudi, watu wote watatu tunaacha tulichokuwa tunafanya, tunaitazama taa nyekundu ya gadi bila kusema, mpaka igeuke kijani na friza lianze kunguruma. Hapo ndipo mama anarudi kwenye vifuko vyake. Bibi hurudi kwenye mkeka, na kama hali yake ni nzuri ananirushia kanga.

"Haya, nifanye tena," anasema. "Ile ya kwanza kidole hukukiinua vizuri. Na usisimame hapo, unaiziba gadi."